Mkono wa Rajnikant

Rajnikant akashika kifuniko cha lenzi, na mkono wake wa kulia ukaanza tena ukorofi. Ukatetemeka! Miaka ishirini na miwili amewapiga picha watu wa Kisumu, maharusi kwa makarani, na mkono haukuwahi kumwaibisha hadi mwaka huu wa 1931. Picha tatu mfululizo zilitoka ukungu mtupu. Indumati, mkewe, alikwisha sema: "Moja zaidi ikiharibika, kamera mpe mdogo wako." Naye, mpumbavu yeye, akaapa kwamba atampa.

Kwa hiyo leo hakutaka mtu mbele ya kamera, maana watu hawatulii. Alichagua ziwa asubuhi na mapema, maji yametulia, upepo mdogo wa nchi kavu ukimpuliza kisogoni. Mbali kulikuwa na vilima vya Seme, na karibu kisiwa kidogo cha mafunjo kilichokuwa pale wiki nzima.

"Vuta pumzi, Mzee," alisema Hemedi, mbebaji wake wa miaka yote. "Kisiwa hakikimbii."

"Nyamaza, wewe!"

Akafunua lenzi, akahesabu polepole hadi kumi na tano, akafunika. Jasho lilimtiririka kana kwamba amebeba gunia.

Saa nne walikuwa ndani ya chumba cha giza, taa nyekundu ikiwaka, Rajnikant akitikisa trei ya dawa. Picha ikajitokeza kwenye kioo kilichotolewa kamerani, cheupe kikiwa cheusi na cheusi kikiwa cheupe. Katikati kulikuwa na ukungu.

"Basi. Nimekwisha, Hemedi."

Hemedi akainama. "Ngoja kwanza. Hebu tazama vilima."

Vilima vilikuwa safi. Mawe ya ufukweni yalihesabika moja moja, na kamba ya mtumbwi ilionekana hadi fundo lake. Kisiwa peke yake ndicho kilichokuwa moshi. Rajnikant akaduwaa. Mkono ungeitikisa kamera, si kila kitu kingetikisika?

Kioo kilipokwisha kuoshwa wakatoka mbio, wazee wazima, hadi ziwani. Pale palipokuwa na kisiwa palikuwa na maji matupu. Chenyewe kilikuwa kimefika katikati ya ghuba, na mafunjo yake na ndege wake, kikielea zake kwenda Seme taratibu bila kumuaga mtu.

"Lo! Nchi inatembea!" Rajnikant alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Hemedi, nimeipiga picha nchi ikitembea!" Aliogopa, na hofu yenyewe ilikuwa tamu. Miaka yote hiyo ameishi kando ya maji haya, kumbe hakuyajua.

"Nami nilisema hakikimbii," Hemedi akanong'ona, kofia mkononi.

Rajnikant akautazama mkono wake. Bado ulikuwa unatetemeka, na safari hii hakuuficha.

"Kalete kamera," akasema. "Na ukipita nyumbani, mwambie Indumati asinisubiri chakula cha mchana."