Imefungwa

"Imefungwa," ilisema redio kiunoni mwangu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikamsikia mkurugenzi akicheka.

Nilikuwa juu, kwenye njia ya chuma inayopita kichwani mwa matangi ya kiwanda cha sabuni, nimekumbatia kofia ngumu za wageni, zimepandana mpaka kidevuni. Swali nilikuwa nimelisikia pia. Mkurugenzi, ndani ya chumba cha skrini, alichukua redio ya mezani akamuuliza fundi bomba kama vali ya mvuke ya tangi la tatu imefungwa. Na fundi bomba, mtu ambaye akiokota nati yako atakutafuta nyumbani akurudishie, akajibu hivyo alivyojibu.

"Basi achia mvuke," mkurugenzi akamwambia dada wa skrini. "Wageni wako getini."

Ndani ya tangi la tatu mlikuwa na mtu. Alikuwa shemeji yangu.

Kazi yangu siku hizo ilikuwa kuvifanya viwanda vya watu vijiendeshe. Mteja ananikabidhi kiwanda ambacho watu wanakimbizana na vali kutwa nzima, viganja vimeota sugu. Mimi namrudishia kiwanda ambacho mtu mmoja anakaa mbele ya skrini na kikombe cha chai. Shule ya ufundi niliipitia kwa nje, nikienda kununua spea. Niliyoyajua niliyatoa kwenye mashine mbovu, na palipopungua mdomo ukajaza. Mteja mmoja nilimwambia mtambo wangu uliwahi kukataa kuwaka mpaka meneja aende kuoga. Akaagiza miwili.

Shemeji alikuwa mchomeleaji, kitinda mimba kwao. Mama yao alipofariki, mke wangu ndiye aliyemlea, akimbeba mgongoni ilhali yeye mwenyewe alikuwa bado wa kubebwa. Siku niliyompa kazi, nilitegemea shukrani. Mke wangu alinisimamisha mlangoni, akanifunga vifungo vya shati kimoja kimoja, halafu akasema, "Huyu nakuazima. Sikupi."

Asubuhi ile shemeji aliingia tangini kuchomelea kishikio cha kipima joto. Kabla hajaingia nilikwenda mwenyewe kwenye vali ya mkono ya tangi lile, ile kuukuu, nikaizungusha mpaka ikagoma, nikapiga kufuli langu jekundu kwenye mpini wake. Ufunguo ukabaki mfukoni mwangu. Yeye alikuwa ameshapitisha miguu kwenye tundu, mabega yamekwama kidogo.

"Shem, nikinasa humu, mwambie dada umeniuza kwa kipande cha sabuni."

"Nani akununue wewe? Hata povu hutoi."

Akacheka, akatumbukia. Ndipo nilipoitwa ofisini. Wageni wa mkurugenzi walikuwa wamewahi, naye alitaka waone mtambo ukifanya kazi, si watu wameshika spana. Nilimwambia hakuna mvuke mpaka shemeji yangu atoke. Akasema mvuke utakwenda tangi la pili tu. La tatu likiwa limefungwa, tatizo liko wapi? Tulivutana hapo mpaka chai ikapoa. Mwisho akanituma kofia za wageni, kama mtu anavyomtuma mtoto aliyezidi maswali, nami nikaenda nikijua kwamba kufuli langu liko mahali pake.

Basi niko juu, redio imeshasema imefungwa, nami nikachungulia chini.

Fundi bomba alikuwa anafuta mikono kwa tambara, uso umetulia kama wa mtu aliyemaliza kazi vizuri. Kwenye mkanda wake kulikuwa na mpini kuukuu wa vali, na kwenye mpini lilikuwa linaning'inia kufuli langu jekundu.

Kwa fundi bomba, kufunga ni kukiweka kitu mahali pake na kukaza bolti. Anafunga sinki, anafunga pampu, anafunga vali. Wakati mimi nabishana ofisini, yeye alifuata ratiba yake: aliing'oa vali kuukuu na kufuli langu juu yake, akafunga mpya. Mabomba yalikuwa baridi, hakujua kama kuna mtu tangini. Na ile mpya, ya kuamrishwa na skrini, ilikuwa haijaunganishwa bado na hewa ya kuisukuma. Isipopata hewa hukaa wazi, mdomo wote.

Nikaziachia kofia. Zilishuka zikigonga chuma hadi chini, na fundi bomba akainua kichwa, akanipungia mkono.

Nikabonyeza redio. Ikanijibu kwa mlio ule wa kukataa. Redio zetu zilikuwa hivyo: mmoja akishikilia kitufe, wengine wote ni mabubu. Na aliyeshikilia alikuwa mkurugenzi. Alikuwa anamshukuru fundi bomba. Akamshukuru kwa bidii, akamshukuru kwa usafi, akamwomba achomekee shati wageni wasije wakamwona hivyo. Nilimwita fundi bomba kwa sauti yangu yote, na feni zikaimeza. Bomba kuu lililopita ubavuni mwangu likaanza kulia tik, tik, kama linavyolia chuma kikipata moto. Nikaligusa. Lilikuwa vuguvugu.

"...na mikono pia ukanawe," mkurugenzi akamalizia, akaachia.

Neno lililokuwa ulimini mwangu lilikuwa funga. Nikalimeza. Dada wa skrini alikuwa mtu wa umeme, na kwa watu wa umeme kufunga ni kuunganisha, umeme upite. Wiki nzima nilikuwa namsikia akisema, "Nikifunga hapa, inawaka." Nilikuwa na pumzi moja, na nililitafuta neno ambalo kwa kila fundi duniani lina maana moja tu.

"Mtu," nikasema. "Mtu yumo ndani ya tangi."

Dada hakuuliza tangi gani.

Kile kitufe chekundu cha kuzimia kiwanda kizima hakina sauti. Unachosikia ni kiwanda kikiacha: feni zikalegea, pampu zikakata, na katika ukimya ule kitu kimoja tu kikabaki kinapumua, tangi la tatu, pumzi ndefu ya mvuke uliokuwa umeshawahi. Sikumbuki ngazi. Nakumbuka glavu ikitoka tunduni, kisha mkono, kisha kichwa, nyusi zinachuruzika, sikio moja limebabuka.

"Shem," akasema, "kama ni maji ya kuoga, mngeniuliza kwanza kama nimevua."

Halafu akakaa sakafuni, akajaribu kufungua ovaroli, na vidole vikamkatalia. Nikapiga magoti, nikamfungua vifungo kimoja kimoja.

"Si imefungwa?" fundi bomba alikuwa anarudia, anamwangalia kila mmoja wetu. "Bolti nimezikaza mwenyewe." Kisha akaliona kufuli mkandani mwake. Mkurugenzi alikuja akasimama mlangoni, hana la kucheka. "Alisema imefungwa," akaniambia, polepole. Nilimtafuta mwongo mahali pale nimpige, nikamkosa.

Wageni walirudishwa. Mchana nilikaa na dada wa skrini tukalifuta neno lile kila lilipokuwa kwenye skrini. Tukaweka PITISHA na ZUIA. Mkurugenzi alilalamika kwamba kiwanda chake sasa kinasomeka kama kizuizi cha polisi, lakini hakutuambia tubadilishe.

Nyumbani mke wangu aliliona sikio kabla hajaona mtu. Nikamwambia mdogo wake aliegemea bomba la moto akisikiliza mpira kwenye kiredio, na goli likaingia asitake kuondoka. Alicheka mpaka akakaa chini. Mpaka leo anawasimulia wageni, kila mwaka goli linakuwa zuri zaidi, na mimi, mtu wa kuongeza chumvi, nakunywa chai yangu kimya. Shemeji naye analiinamisha sikio lake, anaongezea dakika na mfungaji.

Ana mvi sasa. Huja Jumapili, hula, hunitania kwamba nimestaafu kila kitu ila kula, na jioni huondoka. Akifika nje hupaza sauti, "Geti nimelifunga."

"Amefunga," mke wangu huniambia, akiona natafuta ndala. "Hujasikia?"

"Nimesikia."

Nakwenda hivyo hivyo. Naweka kiganja kwenye bati, nasukuma, halisogei. Na kila mara, upande wa pili, kuna kiganja kingine kinasukuma vilevile, hakijaondoka bado.

"Mtu," anasema kwa nje.

"Mtu," namjibu. Ndipo nasikia viatu vyake vikienda.