Mama Haliwi Mezani

Mzee Eizaburo alikuwa na sheria mbili tu za urui, na zote mbili alizitia katika wimbo, ili pasiwe na mpumbavu wa kusema amesahau. Theluji tatu shambani, ndipo uingize ndani. Theluthi bakisha chini, mama haliwi mezani. Aliuimba akichimba, akauimba akipanga makreti, na mwanawe Shigeki alikua na wimbo huo kama anayekua na mlio wa mto nyuma ya nyumba: akausikia kila siku, asiusikilize hata siku moja.

Urui si mboga ya mtu mwenye pupa. Shina lake hung'olewa vuli pamoja na udongo wake, likaachwa nje lipigwe na baridi, maana baridi ndiyo inayolilaza, na lisilolala haliamki. Likishafunikwa na theluji ya tatu huingizwa bandani, likafukiwa kwa makapi ya mpunga juu ya waya wa joto, gizani. Hapo hudanganyika kwamba majira ya baridi yamekwisha, likatoa machipukizi marefu meupe, wakati bonde zima la Mogami, kaskazini mwa Japani, halina jani bichi la kutia mdomoni. Lakini shina lililodanganywa hivyo hutoa nguvu zake zote mara moja. Ukishavuna, ni la kutupa. Ndiyo maana ya theluthi. Yale yanayobaki shambani chini ya theluji ndiyo mama, na mwezi wa nne hugawanywa kwa kisu na kupandwa upya.

Mama wa Eizaburo hawakuwa mama wa kawaida. Aliwatoa mlimani mwenyewe, akachagua na kuchagua kwa miaka ishirini na sita, mpaka akapata urui nene isiyo na uchungu hata chembe. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo ila jirani yake, Mzee Mankichi, aliyepewa mashina kumi mwaka ule mafuriko yalipomsombea shamba.

Mwezi wa kumi kiharusi kilimwangusha Eizaburo katikati ya tuta. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito. Shigeki akaitwa kutoka Sendai, alikokuwa akiuza simu kwa miaka kumi. Alikuja na begi moja na kiburi cha kutosha wanaume watatu.

"Nitaliendesha mimi shamba," alimwambia mama yake, Fumie. "Baba akitoka hospitali atakuta limekuwa kubwa."

"Muulize basi baba yako kwanza."

"Nimeishi humu miaka kumi na minane, mama. Niulize nini?"

Mwaka huo baridi ilichelewa. Mwezi wa kumi na moja ilianguka theluji moja, nyembamba, kama mtu aliyenyunyiza chumvi kwa ubahili. Shigeki alikuwa amekwisha kumwahidi mnunuzi mmoja wa mjini urui ya mwaka mpya, mzigo mkubwa ambao baba yake hakuwahi kuupeleka. Akashika uma wa kuchimbia, akaanza mstari wa kwanza.

Mankichi alisimama kwenye kichochoro cha shamba, mikono mgongoni, kofia ya sufu imemfunika mpaka nyusi.

"We Shigeki! Unafanya nini?"

"Nachimba."

"Kwamba unachimba naona, mimi si kipofu. Theluji ni moja tu, tena ya kuonjesha."

"Mzee, nyinyi mnaingoja theluji ya tatu kama mnangoja barua ya mchumba. Kuna mashine za joto siku hizi."

Mankichi akacheka mpaka akakohoa. "Mashine ya joto! Sasa hilo shina linataka joto au linataka usingizi?" Kisha cheko likamkauka, kwa kuwa Shigeki alikuwa amefika mistari ya upande wa mwerezi. "Hapo simama, mwanangu. Hao ni mama."

"Ni mali ya baba yangu, si yako."

"Ndiyo maana nakwambia."

Shigeki akashika uma tena. Aling'oa mstari ule, akang'oa na uliofuata, mpaka tuta lote likawa udongo mtupu. Alijiambia kwamba mzigo ukienda vizuri atanunua mashina mengine mahali. Wapi, hakujiuliza.

Bandani aliyapanga mashina vizuri, hilo tusimnyime. Makapi aliyapima, waya akaulaza sawasawa, nailoni nyeusi akaivuta bila tundu. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili hakuna kitu. Akaongeza joto. Wiki ya tatu akatia mkono ndani ya makapi, akagusa ncha ya shina, na ncha ikabonyea chini ya kidole kama tunda bovu. Akaongeza joto tena. Kiburi kikishika usukani hakijui kurudi nyuma, kinajua kwenda tu. Siku tano kabla ya mwaka mpya harufu ilimpokea mlangoni, nzito, tamu, ya kitu kilichokufa kikiwa hakijalala.

Alingoja mama yake aende hospitali kwa basi la asubuhi. Akabeba kreti baada ya kreti mpaka kwenye mfereji wa kutupia theluji kando ya barabara, akayamwaga humo yote, na maji ya haraka yakapeleka miaka ishirini na sita ya baba yake chini kuelekea mtoni. Alisimama hapo na koleo mkononi. Jirani akipita angedhani anatupa theluji kama watu wote.

Mnunuzi aliambiwa kwamba mashine imeharibika. Fumie aliambiwa kwamba mzigo umeharibika lakini mama wako shambani, wamelala. Na Eizaburo aliambiwa kwamba kila kitu ni salama.

Hapo ndipo mateso yenyewe yalipoanza, maana Eizaburo aliamini. Kila Jumapili Shigeki alimkuta ameegemezwa kitandani, na mbele yake karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, upande mweupe juu. Kwa mkono wa kushoto, mkono usiojua kuandika, mzee alikuwa akichora shamba la majira ya kuchipua. Mistari ilimpinda kama nyoka. Alifuta, akachora tena.

"Mama... wamelala?"

"Wamelala, baba. Theluji juu yao imenifika kifuani."

"Vizuri." Mzee akavuta pumzi. "Usipite juu. Ukipita unagandamiza."

"Sipiti."

"Mwaka huu... tuta la mwerezi tunaliacha. Lipumzike. Tunahamia tuta la juu. Mistari mingapi?"

"Sema wewe, baba."

"Sema wewe. Mkulima sasa ni wewe."

Shigeki alitazama karatasi. Angeweza kusema hapo. Dirishani theluji ilikuwa ikianguka bila haraka, na muuguzi alikuwa mbali, na maneno yalikuwa matatu tu: yameoza yote, baba. Akayameza.

"Kumi na miwili," alisema.

Uso wa mzee, ule upande uliobaki hai, ukatabasamu. "Unaona? Hata mimi nilisema kumi na miwili."

Mwezi wa kwanza theluji ilipita madirisha ya chini. Siku moja Shigeki akiwa juu ya paa anaikwangua, Mankichi alimwita kutoka chini.

"Banda lako halina harufu ya urui mwaka huu!"

"Una pua ndefu, mzee."

"Nimezaliwa nayo, nifanyeje? Sikiliza. Nina mashina arobaini nje, kizazi cha yale ya baba yako. Sijayaingiza. Mwanangu wa Yokohama ananichukua mwezi wa tatu, ninafunga shamba. Ukiyataka sema."

Shigeki alishikilia mpini wa koleo. Moyo ulimruka kama samaki. Arobaini! Yakigawanywa yangetosha mistari sita au saba, yangemrudishia baba uhai wake. Ilibidi tu ashuke ngazi na kusema: naomba.

Mankichi akaongeza, kwa kuwa naye ulimi wake haukuwahi kupata breki: "Au mashine ya joto imekwisha kukutengenezea mengine?"

"Sihitaji sadaka," Shigeki alisema. "Tunayo yetu."

"Haya bwana mkubwa. Mlango wangu haufungwi mpaka mwisho wa mwezi."

Wiki zikapita. Karatasi ya hospitali ilijaa: hapa mbolea ya samadi, hapa mfereji mdogo wa maji, hapa kivuli cha mwerezi kinapofika saa nane mchana. Kila mstari mpya ulimwingia Shigeki kama msumari. Siku ya tatu ya mwezi wa pili aliamka, akavaa viatu vya theluji, akaenda kugonga mlango wa jirani. Alikuwa amejizoeza maneno njia nzima.

Mankichi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Kisha akampeleka bandani kwake, akafunua nailoni. Machipukizi meupe yalikuwa yamesimama kwenye makapi, marefu kama kiganja, mazuri kuliko yote aliyowahi kuyaona.

"Nilikungoja mpaka mwisho wa mwezi," mzee alisema taratibu. "Juzi niliwasha waya wa mwisho... la, nisikudanganye. Niliyaingiza nikauwasha siku ile ile niliyokuita. Nilikasirika, mwanangu. Nilikuwa niuzime ukija kesho yake. Hukuja."

Shigeki aliirudisha nailoni juu yake. Mashina yalikuwa yamekwisha kutoa nguvu zake.

Fumie alikuwa wa kwanza kumwambia Shigeki kwamba baba yake ataruhusiwa mwanzoni mwa mwezi wa tano, akitembea kwa fimbo ya miguu minne. Alilia kwa furaha alipomwambia. Shigeki naye alilia, na mama akadhani ni kwa sababu ile ile.

Mwezi wa nne theluji ilipoanza kufunguka kando ya vijito, alipanda mlimani na gunia. Kama baba aliweza kuanzia mlimani, naye ataanzia mlimani. Hayatakuwa yale, lakini yatakuwa ya kijani, na mistari itakuwa kumi na miwili. Mahali penye majimaji, chini ya mti, alikuta vichipukizi vimetoboa ardhi kwa wingi, vimejikunja kama ncha za penseli, vinene, vyenye afya. Maisha yake yote alikuwa ameitazama urui ikiwa nyeupe ndani ya kreti. Ikiwa kijani shambani aliipita kila kiangazi bila kuiangalia, na ikiwa porini aliijua kwa kuisikia. Hakuwa na mtu wa kumuuliza. Mankichi alikuwa amekwisha kwenda Yokohama. Tena hata angekuwepo, asingeulizwa.

Alichimba siku nne. Alipanda siku tatu, karatasi ya baba imebandikwa kwenye ubao kando ya tuta la juu, mistari ile iliyopinda akiinyoosha kwa kamba. Mvua ikanyesha vizuri. Mashina yakashika. Majani yakafunguka, makubwa, yamejaa, na kwa mara ya kwanza tangu vuli Shigeki alilala na kuamka bila kugutuka.

Siku aliyorudi, Eizaburo alikataa kuingia ndani.

"Shamba kwanza."

"Chakula kitapoa," Fumie alilalamika. "Wewe mwanamume, hata kiharusi hakikukuachisha ukaidi?"

"Shamba."

Wakampeleka taratibu, fimbo ikitangulia, Shigeki amemshika mkanda kwa nyuma. Walipofika ukingoni mwa tuta mzee aliinua uso. Mistari kumi na miwili. Midomo ilianza kumtetemeka, na Shigeki akasema moyoni: nimeokoka.

Eizaburo aliinama kwa shida. Akalishika jani moja kati ya vidole vya kushoto, akalifuata kwa kidole kutoka ncha mpaka chini, akitafuta kikonyo. Hakikuwepo. Jani lilishika shina moja kwa moja, lina mikunjo mingi iliyokwenda sambamba kama sketi ya shule. Kila mtoto wa bonde lile huambiwa, asikilize asisikilize: urui ina kikonyo, na mishipa yake huachana kutoka katikati. Ile yenye mikunjo ni baikeiso, na kila mwaka haikosi kumpeleka mtu hospitali au makaburini.

Mzee alinyanyua kichwa. Hakumtazama mwanawe, alimtazama mkewe.

"Mmekula?"

"Tule bila wewe? Nimechuma mboga kidogo tu alfajiri gizani, nimechemsha, nimetia kiungo cha miso. Ziko mezani zinakungoja."

Shigeki alikimbia. Alikimbia kama hakuwahi kukimbia, akaanguka mara moja, akaingia na viatu vyake mpaka kwenye mkeka, akaliona bakuli: majani ya kijani yamepangwa kwa upendo, na jozi tatu za vijiti vya kulia pembeni. Akayafukia nyuma ya nyumba, bakuli na yote.

Aliporudi, baba yake alikuwa amekaa chini kwenye udongo.

"Wale wa zamani," Eizaburo alisema. "Wako wapi?"

"Walioza, baba. Kabla ya mwaka mpya."

"Na mama?"

"Niliwaingiza pamoja."

Fumie alijifunika mdomo. Mzee hakupiga kelele, na Shigeki angetoa mkono mmoja asikie kelele. Alikaa tu, macho yake kwenye ile karatasi ya kalenda pale ubaoni, iliyolowa na kukauka mara nyingi. Kisha akageuka kwenye mstari wa kwanza, akalishika shina lililokuwa karibu, akalivuta kwa mkono wake mmoja. Halikutoka. Akavuta tena.

Shigeki alipiga magoti kando yake, wakang'oa. Mzee alisogea kwa makalio kama mtoto asiyejua kutembea, shina kwa shina. Hakuimba. Fumie alikusanya majani yaliyong'olewa akayarundika mbali na maji. Jua lilipofika juu ya mwerezi tuta la juu lilikuwa jeusi, tupu, limetobokatoboka, na kivuli kilikuwa kimefika hasa pale mzee alipokichora.

Nyumbani, kwenye bomba la nje, Eizaburo alisimama ameegemea fimbo akimngoja mwanawe.

"Osha mikono," alisema. "Mara mbili."

Mwaka ule hakumwambia neno jingine juu ya shamba.