Hedi Mpya kwenye Jipu la Mama

Garland ni ndugu yangu wa tumbo moja na sitaki kumsema vibaya, lakini nitamsema. Anaishi Columbus, ana gereji yake, na kila akipiga simu hunifundisha namna ya kumtunza baba. Anayemwogesha baba, kumlisha na kumtafuta msituni akipotea ni mimi, Verlene, niliyebaki huku mlimani West Virginia.

Baba amesahau mengi. Jina langu limemtoka, na hata kwamba mama alishafariki hakumbuki. Kilichobaki ni mlio wa gari la mama, lile jipu. Mama alisambaza barua kwa jipu lile mpaka alipostaafu. Injini yake ni ya silinda sita, na vali zilikuwa zinagonga tak-tak-tak, kisha inakohoa ikifika kona ya kanisa. Ukisikia hivyo nyumbani kwetu, unajua chakula kimewadia.

Baba alipoanza kukataa kula nilihangaika sana. Nilibembeleza, nikafoka, nikalia. Jioni moja gari langu liligoma kuwaka, nikaenda dukani na jipu. Niliporudi nilimkuta kasimama mlangoni, nywele kachana, mikono kanawa.

"Iva amefika," akaniambia, akimtaja mama. "Andaa meza."

Akala maharage, akala mkate wa mahindi, akaomba tena. Kuanzia hapo kila jioni nilishuka na jipu hadi kanisani, nikageuza, nikapanda nalo polepole. Mezani hakuuliza mama yuko wapi. Ilimtosha kwamba amefika.

Nilimweleza Garland haya yote. Akacheka.

"Dada, hiyo injini iko mahututi. Hedi, kichwa chake cha juu, ina ufa, inakunywa maji kuliko ng'ombe."

"Wacha inywe. Mimi ndiye ninayeijaza. Usiiguse."

"Haya bwana, haya."

Msimu wa kuwinda paa ulipoanza, nikaenda kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na Garland akaja kukaa na baba. Kila jioni alilipandisha jipu kama nilivyomwagiza, na kwenye simu aliniambia mzee anakula vizuri. Nikalala kwa amani. Mjinga mimi.

Siku ya kutoka hospitali alikuja kunichukua na jipu lenyewe, baba kamwacha amelala. Nilipanda kwa shida, fimbo mkononi, nikakaa namsubiri awashe. Kumbe lilikuwa limeshawaka; likaondoka.

"Umesikia?" akauliza, meno yote nje.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo hivyo sasa! Jana usiku, mzee akishakula, nimeking'oa kile kichwa kibovu cha injini, nimepachika hedi ya toleo jipya. Chini ni injini ile ile ya mama, juu ndiyo mpya. Unajua matundu ya maji hayakuoana? Nikayaziba moja moja, nikasawazisha mpaka ikalala vizuri. Fundi mwingine angekimbia."

"Hedi ya zamani iko wapi?"

"Ya nini tena?"

"Garland, iko wapi?"

"Kaichukua jamaa wa chuma chakavu leo asubuhi. Dada, hata asante hakuna?"

Nilitamani kumchapa na ile fimbo. Nilimchukia, na nilimchukia zaidi kwa sababu kazi ilikuwa nzuri. Kwenye kona ya kanisa jipu halikukohoa hata kidogo. Lilipanda na gia ya tatu, kimya, na yeye akawa anapiga mluzi.

Giza lilikuwa limeshaingia tulipofika. Mlango ulikuwa umekomelewa kwa ndani. Nikagonga. Pazia likasogea, uso wa baba ukatokea kwenye mwanga wa taa za gari.

"Nani nyie?"

"Ni Verlene, baba. Tufungulie, ule."

"Gari la nani hilo?"

"La mama!" Garland akadakia. "Jipu la Iva, baba. Nimelitengeneza, limekuwa jipya!"

"Acha uongo, kijana. La Iva nalijua." Akatutazama mmoja mmoja, akiogopa. "Nendeni zenu. Barua za nyumba hii analeta mke wangu. Yuko njiani."

Pazia likarudi. Garland akazungusha funguo kidoleni.

"Naweza kutafuta hedi nyingine kama ile," akasema. "Mafundi watakuwa nayo."

"Yenye ufa ule ule?" nikamuuliza. "Inayogonga vile vile?"

Tukazunguka, tukaingia kwa mlango wa jikoni. Baba alikuwa ameshakaa mezani, ametandika sahani mbili, yake na ya mama. Nikampakulia maharage ya moto. Akayatazama, kisha akaisogeza sahani pembeni kwa adabu, kama mgeni.

"Tumsubiri Iva," akasema. "Sijui leo kapatwa na nini. Hajawahi kuchelewa namna hii."