Shangazi Kibibi Hakunjiki

Niliota usiku wa jana kwamba nimesimama gatini, kisiwani Sardinia, chupa ya chai mkononi, na boti tuliyoikodi inanitazama kwa mashaka.

"Mko wangapi?" boti ikaniuliza. Ilisema Kiswahili safi, cha redioni.

"Wanane."

"Hesabu vizuri."

Ngoja kwanza nieleze, maana ndoto haijali kama msikilizaji ana habari au hana. Mimi na ndugu zangu tumepanga kukodi boti ya tanga, tuzunguke pwani ya Sardinia wiki nzima, tuoge kwenye vighuba vyake na kulala humo humo botini. Mpangaji ni mimi. Boti ina kibali cha watu wanane, na wanane tulishatimia. Kisha juzi nikaongea kwa simu na Shangazi Kibibi, dada yake marehemu baba, aliyetulea sote baada ya mama kufariki. Akaniuliza hiyo safari ni ya wapi. Nikamweleza. Na kwa kuwa nimelelewa Tanga, nikamalizia, "Karibu shangazi, twende wote."

Kwetu hayo si mwaliko, ni adabu. Ukiwa unakula unamkaribisha hata mpita njia usiyemjua, naye anajibu, "Starehe, nimeshiba," hata kama utumbo unamlia. Shangazi mwenyewe ndiye aliyetufundisha jibu hilo, tena kwa makofi. Lakini juzi hakulitoa. Alisema, "Ahsante mwanangu, nimekaribia," akakata simu akatafute nguo ya kuogea.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole langu lilikuwa zima kabisa. Kukicha ilikuwa nipeleke majina manane kwa wakala wa boti, na shangazi nilikuwa sijamwambia kitu. Nililala nikiwa na hofu hiyo, ikanifuata.

Basi napanda botini. Viatu huachwa nje, jambo ambalo halinisumbui hata kidogo, ila viatu vyenyewe vinajipanga gatini na kuanza kutusengenya. Ndani ya boti ni sebuleni kwetu Ngamiani, kule Tanga: makochi yale yale, vitambaa vile vile, isipokuwa dirishani inapita miamba ya Sardinia. Ndugu zangu wamekaa wanakula. Katikati yao yupo Shangazi Kibibi, kajifunga kanga juu ya nguo ya kuogea, anachambua zabibu. Sijawahi kumwona na furaha ile.

"Tutie nanga," nasema, ili nipate pa kufikiria.

Nanga inashuka. Huku imekatazwa kutua juu ya majani ya baharini, kwa hiyo inabisha kwanza.

"Hodi chini!"

"Nani?"

"Nanga."

"Hapa ni kwenye majani, na kuna mzazi amejifungua jana. Nenda mbele."

Nanga inaomba radhi, inatoa pongezi na kurudi juu imelowa chapachapa. Ghuba ya pili majibu ni hayo hayo. Ya tatu pia. Boti inazunguka haina pa kusimama, na kutoka kaskazini-magharibi unakuja ule upepo mkali wenyeji wanaouita Maestrale. Unafika mlangoni, unachungulia sinia.

"Naona mnakula," upepo ukasema.

"Karibu," nikajibu, kabla sijauziba mdomo wangu.

"Ahsante, nimekaribia."

Ukaingia, ukakaa kochi la baba. Boti ikalala upande, glasi zikateleza, maji yakaanza kupenya chini ya mlango.

"Huyo mwache, ana ruhusa ya kudumu," boti ikaniambia. "Ndiye anayenisukuma. Mimi nauliza habari za mtu wa tisa."

Kabati likafunguka lenyewe, majaketi ya kujiokolea yakatoka kwa mstari. Kila moja likaenda kwa mwenyewe na kumkumbatia. La kwangu lilikuwa na joto. Yalipokwisha, Shangazi Kibibi alikuwa bado amesimama, mikono wazi, anangoja la kwake.

"Asiye na jaketi si abiria," boti ikasema. "Ni mzigo. Na mizigo hapa ni mikoba laini tu, masanduku magumu hayaruhusiwi. Anakunjika?"

Nikamtazama kaka yangu Mbwana. Mbwana akatazama dari.

"Dada, wewe ndiye uliyemkaribisha," akasema. "Mwambie wewe."

Maji yamefika vifundoni. Namgeukia.

"Shangazi, boti inauliza kama unakunjika."

"Sijui, mwanangu. Hawajawahi kuniuliza." Anaweka zabibu pembeni, anapangusa vidole. "Ngoja nijaribu."

Anainama. Magoti yanakataa, tena kwa sauti. "Magumu," boti inasema. Anajaribu kwa upande wa kiuno. Ananishika bega, anahema, jasho linamtoka. "Subirini, nusu imekubali," anasema, na kweli nusu yake imekubali, ila nusu nyingine bado imesimama wima na kanga imemvuka. Watu wanane tumekaa tunamwangalia mwanamke aliyetubeba mgongoni mmoja baada ya mwingine akijikunja ili aenee kwenye mkoba. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Na bado sikusimama.

"Nahesabu," boti ikasema. "Nikimaliza, namwaga watu."

Nikamnong'oneza, "Shangazi, sema starehe. Sema tu umeshiba, yaishe."

Akanyooka polepole. Akanitazama kama vile ndiyo kwanza ananiona.

"Sijashiba," akasema. "Miaka yote hiyo nilikuwa nasema nimeshiba ili nyinyi mle. Sikuwa nimeshiba hata siku moja. Leo nimekaribishwa, nimekaribia."

Upepo wenyewe ukaacha kutafuna.

Hapo ndipo nikashika vifungo vya jaketi langu. Jaketi likaniuma vidole. "Mimi ni wako," likasema. "Najua," nikasema, "toka." Lilinitoka kama ganda la muwa, kwa vipande na kwa kelele, nikamvalisha shangazi, nikamfunga mkanda mpaka wa mwisho.

"Sasa wa tisa ni nani?" boti ikauliza.

"Mimi."

"Unakunjika?"

Nilikunjika bila taabu yoyote, na hilo ndilo lililonitisha. Mbwana alishika miguu, wenzake wakashika mabega, wakanikunja mara tatu kama shuka ya wageni na kunitia mkobani. Zipu ikafungwa. Gizani nikasikia maji yakirudi yalikotoka, boti ikinyanyuka na kusema, "Wanane. Tuondoke." Nikasikia sahani, kicheko cha shangazi, na upepo ukiomba chumvi. Pumzi ikaanza kunikatika. Nikapiga kelele, ila kutoka ndani ya mkoba kelele haziendi mbali.

Nikaamka. Nipo kitandani kwangu, jua limeshapanda, naogopa hata kunyoosha miguu. Simu ilikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa Shangazi Kibibi, na ndoto yangu nilikuwa sijamsimulia mtu yeyote. Nikaufungua.

"Mwanangu, umeamkaje? Nilikuachia zipu wazi kidogo walipogeuka, sijui kama ulipata hewa. Jaketi limenikaa vizuri sana. Sikurudishii."