Ule Mustari kwenye Paji la Jules

Mimi Kavuo siko muntu wa kuomba musamaha. Uliza mutaa wetu wote wa Kasuku, watakuambia yule mama wa studio ya picha iko na mudomo. Lakini siku ile ya Falone niliogopa kweli.

Falone alikuja asubuhi na picha moja ndani ya kopo ya maziwa. Mama yake aliizika chini ya jiko mwaka wa tisini na nane, wiki ile wenye bunduki walimubeba Jules, kaka yake Falone, kijana wa miaka kumi na tano. Falone alikuwa na mitatu; sura ya kaka hakumbuki hata kidogo, na mama amekufa. Sasa kuna mwanaume ametoka Lubutu, anasema njo yeye, ndiye Jules, na tangu juzi analala kwa Falone, kule Alunguli, ngambo ya muto. Falone hapati usingizi. Axel na Rodrigue, watoto wa mjomba wake, wameshasema: akiwa muongo, hatatoka Alunguli kwa miguu yake.

Picha ilikuwa imeoza, uso mzima nyufa. Nikaipitisha kwenye skana kwa ukubwa wa mwisho, kwa kiburi tu, Falone aone kazi. Kuitoa sasa, ngozi ya picha ikabakia kwenye kioo, imekuwa uji. Uso wa Jules ukabakia ndani ya mashini, kompyuta yangu, peke yake, tena sijauhifadhi, kwa sababu diski ilijaa picha za ndoa. Nikasema nitahifadhi nikimaliza. Mjinga ni mimi.

Nikaziba nyufa moja moja. Ule mukubwa ulishuka kwenye paji mpaka nyusi ya kushoto. Niliuziba vizuri, ungesema kijana amepigwa picha jana. Falone akainama kwenye kioo cha mashini, akaangalia muda murefu.

"Yule wa nyumbani iko na kovu kwenye paji," akasema. "Anasema aliipata siku alianguka na mimi mugongoni. Huyu hana kovu, dada Kavuo."

Akatoka nje kumupigia Axel. Nilimusikia akisema siyo yeye, siyo yeye. Akarudi akaniambia wanamupakia kwenye pikipiki, wanashuka naye mutoni.

Nilijua nimefanya nini, na nilijua pia kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua. Picha ilikuwa safi. Lakini neno langu tupu halingetosha; lazima Falone auone ule mustari.

Kisha nikashika mashini. Programu ya picha inaweka kila hatua unayofanya, ukikosea urudi nyuma. Lakini kila hatua inakula memori, na mashini yangu memori yake ni kidogo, na ile picha nilikuwa nimeifanya kubwa kama mulango. Kurudi hatua moja tu, ikaganda. Ikaandika: memori imejaa, nifute hatua za nyuma nipate nafasi? Nikikubali, ule mustari umekufa milele. Nikikataa, mashini inaweza kuzimika na uso wote.

Nikakataa. Nikafunga muziki, nikafunga kila dirisha, bado imejaa. Nikaingia kwenye diski, ambako programu inakopa nafasi memori ikijaa, nikafuta ndoa ya Gisèle, muteja wangu, picha mia tatu ambazo hajaziona. Gisèle ataniua, nikajiambia, lakini huyo ni wa kesho.

Mashini ikapumua. Nikarudi hatua moja, nikangoja. Ya pili, nikangoja. Falone aliniuliza nafanya nini, nikazidi kubonyeza. Kwenye hatua ya arobaini mustari ukarudi. Nyufa zingine zote zilikata mpaka ukuta nyuma ya kijana. Huu ulianzia kwenye ngozi ya kijana ukaishia kwenye ngozi yake, na nywele za nyusi zilikuwa zimeachana pale. Nikaupiga picha haraka na simu yangu. Mashini ikazimika pale pale.

"Falone, nimekosa," nikasema. "Kovu ilikuwepo. Nilifikiri ni ufa, nikaifuta."

Hakunitukana. Alichukua simu yangu, akaangalia, akapiga namba ya Axel kwa simu yake mwenyewe. Ikalia, ikalia, ikakatika. Akapiga tena. Mimi nilikuwa namuomba Mungu kwa Kinande, lugha ya bibi yangu, ambayo sisali nayo tangu utoto.

Axel akapokea.

"Njo yeye," Falone akasema. "Muachilie. Axel, njo yeye."

Tukasikia maji, na watu wakibishana. Kisha simu ikashikwa na muntu mwingine, mwenye pumzi fupi, anakohoa.

"Falone, unalia? Nani amekufanya ulie?"

Falone alikuwa ameshakaa chini, analia. Nikachukua simu mukononi mwake, nikamuambia kaka yake kwamba aliyemufanya alie ni mimi.