Mluzi wa Athol

"Piga mluzi!"

"Ninapiga—"

"Huo si mluzi, huo ni pancha."

"Ninapiga, mwanamke, acha kunisemesha nikiwa—"

"Hata kuku hawajageuka!"

"—nikiwa kazini! Na chanzo ni wewe. Wewe na meno yako."

"Yangu? Yamo mdomoni mwa nani?"

Hapo Athol alijua mkewe, Nola, ana haki. Yalikuwemo mdomoni mwake mwenyewe: meupe, yamebanana, mazuri hata ungeyaona kwenye dirisha la duka ungeuliza bei. Kabla ya harusi ya mjukuu wao Nola aliapa kwamba hasimami kwenye picha na mwanamume mwenye lango la zizi mdomoni. Basi mzee akapelekwa mjini, yale machache yaliyobaki yakang'olewa, akavishwa haya ya bandia. Picha zilitoka safi. Kilichosahaulika ni kwamba kwenye lile lango, kati ya meno mawili ya mbele, ndimo mluzi wake ulimopitia tangu ujana. Kwa pengo hilo aliwazungusha mbwa wake wa kondoo kushoto na kulia, akawasogeza, akawalaza chini, ng'ambo ya bonde na upepo ukivuma.

Sasa akipuliza ilitoka fuuu, kama mtu anayepoza uji.

Tweed, mbwa wake, alikuwa amekaa katikati ya uwanja, kichwa upande, akimtazama kwa adabu zote. Alikuwa mzee, kidevu kimeota mvi, sikio moja limechanika. Ile ilikuwa adabu ya mbwa anayemngoja mwenye nyumba arudi, huku akimvumilia huyu mgeni anayepuliza uji.

Yote hayo yangekuwa ya kuchekesha kama si Merryn. Merryn ni binti yao, na tangu goti la baba yake liharibike yeye ndiye anayeendesha shamba. Hana maneno mengi. Alikuwa amesema mara moja tu, mezani, akipaka siagi mkate wake: "Ijumaa, kabla wakata manyoya hawajafika, kondoo wa kilima cha mbele lazima washuke. Baba, wakishushwa na wewe na Tweed, sawa, mnabaki hapa. Mkishindwa nawashusha kwa pikipiki, na nyinyi mnahamia ile nyumba ya mjini."

Ile nyumba ya mjini ilikuwa na zulia ukuta hadi ukuta, maji ya moto wakati wowote, na kibao getini: mbwa marufuku. Kwa Athol ilikuwa jeneza lenye sebule. Nola alikwisha kuinunulia mapazia.

"Nitamfundisha upya," Athol alisema.

"Huyo? Samaki mkunje angali mbichi, baba. Huyo amekwisha kuwa mkavu."

"Utaona."

Akanunua kipenga, kile cha bati kinachokunjwa na kuwekwa juu ya ulimi. Siku ya kwanza alikimeza nusu, Nola akampiga mgongoni kwa furaha isiyo ya lazima. Akakata nyama ya kondoo vipande vidogo, akajaza mfuko wa koti. Kipenga kililia, Tweed akapewa nyama. Kikalia tena, akapewa tena. Mbwa mzee alielewa somo upesi sana: kipenga maana yake ni chakula. Tangu hapo kila Athol alipopuliza amri ya kwenda kushoto, kulia au kulala chini, Tweed alikuja mbio moja kwa moja na kuingiza pua mfukoni.

"Si amejifunza," Nola alisema akianika mashuka. "Wewe je, umejifunza nini?"

Jumatano, Athol akiwa amekaa juu ya ndoo, amekata tamaa, kipenga mkononi, muujiza ukatokea. Tweed akainuka peke yake. Akapinda kushoto, akawazunguka kuku wote, akawasogeza hadi ukutani, kisha akalala chini pa! kama alivyokuwa enzi zake.

"Nola!" Athol akapiga kelele. "Njoo uone! Nani alisema mbwa mzee hafundishiki?"

"Umempulizia nini?"

"Siri ya ufundi."

Hakuwa amepuliza chochote. Alikuwa akikohoa. Aligeuza shingo polepole kuelekea barazani, na pale, ndani ya kizimba chake kilichotundikwa tangu Merryn akiwa shule ya msingi, Percy alikuwa akichambua mbegu ya alizeti.

Percy ni kasuku, kifua cha waridi na mgongo wa kijivu, na Nola hamwiti kwa jina. Humwita shetani. Anachafua baraza, anaamsha watu, amemtafuna mama wa kanisa kidole. Miaka yote Athol alipokuwa akishusha kondoo wa kile kilima cha mbele, Percy alikaa kimya akisikiliza. Mwenye mluzi alikuwepo, kasuku apige wa nini? Lakini sasa kilima kilikuwa kimya wiki nzima, na ndege naye hapendi kimya. Akanyoosha shingo, akatoa tena mluzi mmoja mrefu unaopanda mwishoni. Ulikuwa mluzi wa Athol wenyewe, na pengo lake ndani.

Tweed akainuka.

"Nyamaza," Athol akanong'ona, akifunika kizimba kwa koti. "Nyamaza hadi Ijumaa, nakuomba."

Ijumaa walisimama watatu kwenye geti la chini. Merryn aliegemea nguzo ya geti, funguo za pikipiki zikining'inia kidoleni. Nola alikuwa na chupa ya chai. Pikapu ya Athol iliegeshwa nyuma yao, na nyuma ya pikapu palikuwa na kitu kimefunikwa taulo.

"Nini hicho?" Merryn akauliza.

"Chakula changu cha mchana."

"Kinapumua."

"Ni kilima, binti yangu. Upepo."

Athol akajikongoja hadi kwenye pikapu, akajifanya anatafuta kofia, akainua pembe ya taulo upande unaotazama kilima. Kisha akarudi getini, akaweka vidole viwili mdomoni kwa mbwembwe, akavimbisha mashavu. Mluzi ukatoka. Ulitoka nyuma yake, ila hakuna aliyegeuka, kwa sababu Tweed alikuwa amekwisha kuchomoka.

Huyo mbwa! Alisahau miaka yake. Alipinda kushoto kwa mbali, chini ya mikaratusi, akatokea juu ya mgongo wa kilima nyuma ya kondoo wa mwisho. Mluzi wa pili, akasogea. Wa tatu, akakata kulia akamzibia njia jike mmoja mkaidi aliyetaka kukimbilia korongoni. Percy alikuwa akiusoma mpango mzima kama sala, mwanzo hadi mwisho, jinsi ulivyopigwa kila jioni kwenye kilima kilekile. Athol alihangaika tu kubadilisha vidole kwa wakati. Mara mbili alichelewa. Kondoo wakashuka kama maziwa yaliyomwagika, wakapita getini, Merryn akafunga.

Athol akatoa vidole mdomoni, akajifuta.

"Lala chini, mjinga wewe!" sauti yake ikanguruma.

Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Tweed akalala chini.

Merryn akaenda kwenye pikapu, akavuta taulo.

"Baba."

"Hukusema nisilete ndege."

"Nilisema wewe na Tweed."

"Nilikuwepo! Si uliviona vidole vyangu?"

Merryn akamtazama baba yake, akamtazama mbwa, ulimi nje, akihema kwa raha. Akageuka pembeni, mabega yakitikisika kwa kicheko. "Haya. Kondoo wako chini wote. Nilichosema nimesema. Mnabaki."

Athol akamgeukia mkewe, akamwonyesha meno yote aliyonunuliwa. "Umesikia, mama? Mapazia yako uyarudishe dukani."

Lakini Percy alikuwa hajamaliza. Baada ya kondoo kila jioni kulikuwa na mambo mengine, na yeye huwa haachi kitu njiani. Akatoa mlio wa geti. Akatoa kishindo cha buti mbili zikivuliwa, na kiti kikilia. Halafu, kwa sauti ya Athol, lakini laini, ya mwanamume mwenye magoti mazima:

"Asante, Nola wangu. Chai yako haina mfano."



"Mimi nilisema hivyo?" Athol akauliza.

"Ulikuwa ukisema."

"Lini?"

"Muulize huyo aliyeyashika maneno."

Nola akaweka chupa ya chai juu ya nguzo ya geti. Akaenda kwenye pikapu, akalirudisha taulo taratibu upande uliokuwa ukipigwa na upepo, kwa mkono uleule uliomrushia shetani yule ndala miaka yote. Tweed alimfuata, akaketi chini ya kizimba akisubiri amri. Athol akajaribu mluzi kidogo kumwita. Fuuu. Mbwa hakugeuka.

"Wewe baki na kilima chako, Athol," Nola akasema. "Mimi mapazia siyarudishi. Nina ombi moja tu: naomba huyu ndege niende naye mjini."