Mioyo Kwenye Filamu ya Usaliti

Mume wangu hupiga video za harusi, na kazi hiyo imemharibu. Hawezi kuona watu wawili wamekumbatiana kwenye skrini asiwawekee mioyo myekundu inayopaa. Nilijua hilo, lakini mimi na mitambo ni paka na panya, kwa hiyo yeye ndiye niliyemwomba anikatie kipande cha filamu moja ya zamani: shemeji anamkumbatia mwenye nyumba, ilhali ameshamuuza kwa maadui waliojificha nje.

Nilikitaka kipande hicho kwa udi na uvumba. Muhula mzima nilikuwa nafundisha kinaya, ile hali ya mambo kusema hiki huku ukweli ni kile, na darasa langu la fasihi likinitazama kama ninayesoma bei ya mbolea. Mkuu wa shule naye alishaapa kwamba darasa si ukumbi wa sinema. Mkaguzi akija na somo likivurugika, projekta inarudi stoo na mimi narudi kuwasomea watoto notisi hadi nistaafu.

Mkaguzi akaja, mama wa makamo aliyenuna, akakaa nyuma pamoja na mkuu. Nikawaeleza wanafunzi kwamba shemeji ameshamuuza mwenye nyumba, kisha nikawasha.

Shemeji akafungua mikono. Mioyo ikaanza kupaa. Kinanda kikalia, mwimbaji akawatakia maharusi maisha marefu, na chini yakapita maandishi ya dhahabu: MUNGU AUBARIKI MUUNGANO HUU. Darasa likaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila imtangulize mume wangu.

"Zima upuuzi huo!" mkuu akafoka. "Nilisema mimi! Filamu na masomo wapi na wapi?"

"Mwalimu, usizime," akasema binti wa dawati la mwisho, tunayemwita Bibi Usingizi kwa sababu hatujawahi kusikia sauti yake ila akikoroma. "Wimbo unasema harusi, na sisi tunajua huyo baba anakufa sasa hivi. Si ndicho kinaya hicho?"

"Tena mwenyewe anatabasamu, maskini!" mwenzake akadakia.

Wakaanza kubishana, kila mtu na lake, hakuna hata aliyekumbuka kunyoosha mkono. Machozi yalinilengalenga, na wala sioni haya kusema.

Mkaguzi akaniuliza, "Hii mioyo uliiweka makusudi?"

"Hapana, mama. Ni mume wangu. Leo mmoja wetu analala nje."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Mwache alale ndani, bado tunamhitaji. Na projekta ibaki humu humu." Akamgeukia mkuu. "Hili wazo la filamu lilitoka kwa nani?"

Mkuu akakohoa, akanyoosha tai.

"Kusema kweli, mheshimiwa, ni mimi niliyemsukuma mwalimu. Filamu darasani nimezipigania tangu zamani."

Darasa zima likajibu kwa sauti moja, Bibi Usingizi akiwazidi wote:

"Kinaya!"